Ibn al-Baytar: Mchuma Majani Aliyelelewa na Mtu wa Hadithi



Ndugu msomaji, katika safu hii ya wasifu tumezoea kusoma habari za maswahaba, za maimamu wanne na za wapokezi wakubwa wa hadithi. Safari hii nimewaomba wahariri waniruhusu nimlete mtu wa majani. Anaitwa Ibn al-Baytar. Wenzetu wanaosoma famasia huenda wamelisikia jina lake katika somo la historia ya dawa, likatajwa kwa sentensi moja na kupita. Sisi wa Masomo ya Kiislamu hatulisikii kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu huyu ni wetu kuliko tunavyodhani. Njia aliyoitumia kujua mmea upi ni chakula, upi ni dawa na upi ni sumu ni ileile tunayofundishwa katika somo la Mustalah: nani amesema haya, ameyapata wapi, ameona kwa macho yake au amesikia tu, na je, ni mtu wa kuaminika?

Jina lake ni Dhiyaa al-Din Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad. Alizaliwa Málaga, mji wa bandari kusini mwa Andalusi, mwishoni mwa karne ya 12. Wengi hutaja mwaka 1197. Baytar kwa Kiarabu ni tabibu wa wanyama, kwa hiyo jina lake la mashuhuri lina maana ya mwana wa tabibu wa wanyama. Andalusi wakati huo ilikuwa chini ya Muwahhidun, na haikuwa Andalusi tunayoihadithiwa katika mihadhara, ile ya taa barabarani na maktaba za Cordoba. Ilikuwa nchi inayomegwa. Mwaka 1212, naye akiwa kijana wa miaka kama 15, majeshi ya Muwahhidun yalishindwa vibaya katika vita vya al-Iqab, na tangu hapo miji ikaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Katikati ya hofu hiyo yeye alikwenda Seville kusomea mimea.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana mwalimu wake ndiye ufunguo wa habari yote.

Mwalimu huyo ni Abu al-Abbas al-Nabati, anayejulikana pia kama Ibn al-Rumiyya. Ukifungua vitabu vya matabibu utamkuta, na ukifungua vitabu vya wasifu wa watu wa hadithi utamkuta vilevile, kwa cheo cha haafidh. Alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Dhahiri, akishika njia ya Ibn Hazm. Elimu aliyobobea ni ile ya kuwachambua wapokezi: aliandika kitabu cha kukikamilisha kile mashuhuri cha Ibn Adi kuhusu wapokezi dhaifu. Yaani mtu huyu kazi yake ya kielimu ilikuwa kuuliza nani ni mkweli, nani kumbukumbu zake zimeharibika, nani anadai kukutana na shekhe ambaye hakukutana naye. Na riziki yake? Alikuwa na duka Seville akiuza miti shamba. Wanafunzi walimfuata dukani humo, huyu kwa hadithi, yule kwa majani.

Karibu mwaka 1216 Abu al-Abbas alisafiri kwenda Mashariki kwa ajili ya hija. Njiani alisikiliza hadithi kwa mashekhe wa kila mji, na katika kila mji huohuo alitoka nje kutazama mimea na kuandika. Sultani wa Misri, al-Adil, ndugu yake Salah al-Din, alimtaka abaki kwake kwa mshahara. Akakataa, akisema amekuja kuhiji na kurudi kwa watu wake. Akarudi Seville, akafungua tena duka lake. Kitabu chake cha safari kimepotea, na karibu yote tunayoyajua kukihusu tumeyapata kwa sababu mwanafunzi wake aliyanukuu, tena kila mara akimtaja mwenye maneno.

Mwanafunzi huyo ni Ibn al-Baytar. Walikuwa wakitoka pamoja vichakani kando ya Seville kukusanya mimea. Ukijua kwamba mwalimu wake alikuwa mchambuzi wa wapokezi dhaifu, huwezi kukisoma kitabu chake kwa jicho lilelile tena.

Karibu mwaka 1220 Ibn al-Baytar naye akaondoka Andalusi. Hakurudi tena. Alipita pwani ya Afrika Kaskazini, Bijaya, Tunis, Tripoli, Barqa, kisha akavuka hadi nchi za Warumi, sehemu ambazo leo ni Uturuki, akiwatafuta watu wanaojua mimea na kuitazama kwao, papo inapoota. Hatimaye akafika Misri, ambako al-Kamil, mwana wa yule al-Adil aliyekataliwa na mwalimu, alikuwa ndiye sultani. Huyu hakukataliwa. Alimfanya Ibn al-Baytar mkuu wa wataalamu wote wa miti shamba wa Misri, na al-Kamil alipoishika Damascus akawa anakwenda naye huko, jambo lililompa nafasi ya kuizunguka Sham.

Nje ya Damascus ndipo tunapomwona kwa karibu zaidi, kwa sababu alikutana na kijana aliyejua kuandika wasifu. Kijana huyo ni Ibn Abi Usaybi'a, aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha tabaka za matabibu. Walikutana mwaka 633 Hijria, sawa na 1235 au 1236. Anasimulia kwamba walitembea pamoja viungani mwa Damascus wakitazama mimea mingi mahali pake, na kwamba alimsomea Ibn al-Baytar sherehe yake ya majina ya dawa katika kitabu cha Dioscorides, yule Mgiriki wa karne ya kwanza ambaye kitabu chake kilitafsiriwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9. Kilichomshangaza kijana ni hiki: Ibn al-Baytar alianza kwa kutaja alichosema Dioscorides, kisha Galen, kisha waliokuja baadaye, akionyesha walipotofautiana na nani kakosea. Kijana akirudi nyumbani kuvifungua vitabu, hakuti upungufu wowote. Zaidi ya hayo, hakutaja dawa ila aliitaja iko katika makala ya ngapi ya Dioscorides na ya Galen, na ni ya ngapi katika hesabu ya dawa za makala hiyo. Anamsifu pia kwa tabia njema, uungwana na ukarimu wa nafsi. Mimi nikisoma hapo nilimkumbuka haafidh anayetaja hadithi pamoja na kitabu chake na mlango wake.

Kitabu kikubwa cha Ibn al-Baytar ni Mkusanyo wa dawa na vyakula visivyochanganywa, al-Jami li-mufradat al-adwiya wal-aghdhiya. Tazama jina hilo: dawa na vyakula kwa pamoja. Kwake, mboga ya porini inayoingia chunguni na jani linalosagwa kwa mgonjwa viko katika daftari moja. Aliorodhesha takriban vitu 1,400, vingi vikiwa mimea, vingine madini na vya wanyama, akinukuu waandishi kama 150.

Katika utangulizi anaeleza masharti yake, na ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ayasome. Alichokithibitisha kwa kuona na kujaribu, amekihifadhi kama hazina. Kilichopingana na alichokishuhudia amekiacha, bila kumpendelea wa kale kwa ukale wake wala wa sasa kwa usasa wake. Kila neno amelirudisha kwa mwenyewe. Amepanga kwa herufi ili mtafutaji asichoke. Ameonyesha makosa ya waliotangulia, maana wengi wao walitegemea karatasi na kunukuu, naye alitegemea macho yake. Na amekusanya majina ya kila mmea kwa lugha mbalimbali, Kiarabu, Kigiriki, Kiajemi, Kiberiberi na lugha ya Wakristo wa Andalusi, akieleza herufi na irabu zake ili mwandishi wa nakala asije akakosea nukta akageuza dawa kuwa sumu.

Hilo la nukta si utani. Sisi tuliosoma Kiarabu tunajua baa, taa na thaa zinavyotofautiana kwa nukta tu. Wanazuoni wa hadithi wana elimu nzima ya makosa hayo, tas-hif, kwa sababu jina la mpokezi likikosewa nukta, dhaifu anaweza kuwa mwaminifu. Ibn al-Baytar aliliogopa jambo lilelile kwa majina ya majani.

Nitoe mifano miwili, mmoja ambao sisi tunaula.

Katika kitabu kuna mmea uitwao inab al-tha'lab, zabibu za mbweha. Ni ukoo wa mnavu wetu, ule ambao hapa Uganda huitwa nsugga na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi huuita isogo. Nadhani hakuna msomaji wa gazeti hili ambaye hajaula kwa ugali au ndizi. Ibn al-Baytar, akiwafuata Dioscorides na Galen, hasemi tu kwamba zabibu za mbweha ni baridi na hutuliza uvimbe wa moto. Anatenganisha: kuna wa bustanini unaoliwa, na kuna aina nyingine zenye jina hilohilo, mojawapo huleta usingizi mzito na nyingine humpeleka mtu kwenye wazimu. Jina moja, mimea kadhaa, hukumu tofauti. Mama zetu wanajua hili bila kitabu. Huchuma majani machanga, huyachemsha, wengine humwaga maji ya kwanza, na humkataza mtoto kula yale matunda ya kijani ambayo hayajaiva. Elimu ya leo imeonyesha kwamba matunda hayo mabichi yana sumu iitwayo solanini. Lakini mtu wa mjini aliyesikia tu kwamba mnavu unatibu vidonda vya tumbo, akaenda kuchuma chochote kinachofanana nao kando ya mtaro, huyo hana elimu ya mama wala ya Ibn al-Baytar.

Mfano wa pili uko mwanzoni mwa kitabu, kwa sababu jina lake linaanza na alifu: atrilal. Ni neno la Kiberiberi lenye maana ya mguu wa ndege. Ni mmea wa porini wenye maua meupe, unaofanana na bizari ya shibiti. Anasimulia kwamba dawa hii ilijulikana kwanza kwa kabila moja la Waberiberi karibu na Bijaya. Watu wenye baras, yaani mabaka meupe ya ngozi, walisafiri kuwafuata, nao waliificha siri hiyo na kuirithishana baba kwa mwana, mpaka Allah alipojaalia ikajulikana. Ibn al-Baytar anaandika wazi kila kitu: ni mbegu zipi, huchanganywa na nini, na kwamba mgonjwa baada ya kunywa hukaa juani akiliacha wazi baka lake saa moja au mbili mpaka atoke jasho. Ngozi huvimba malengelenge, kisha hupona na rangi yake kurudi.

Kwa nini juani? Yeye hakujua sababu. Alijua kwamba bila jua haifanyi kazi, akaandika alichokiona. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Misri walizichambua mbegu za mmea huo na kupata kemikali inayoitwa leo metoksaleni, ambayo huifanya ngozi kuwa nyepesi sana kwa miale ya jua. Imeendelea kutumika hospitalini pamoja na taa maalumu kwa wagonjwa wa mabaka meupe na magonjwa mengine ya ngozi. Kipimo kikikosewa huunguza ngozi vibaya, kwa hiyo naomba asitokee mtu akaniuliza mbegu hizo zinauzwa wapi.

Nataka tuitazame ile siri ya kabila. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa hosteli aliuziwa unga wa kijani katika mfuko wa nailoni, nje ya msikiti mmoja mjini baada ya Ijumaa. Aliambiwa ni dawa ya Sunna ya vidonda vya tumbo. Alipouliza ni mmea gani, muuzaji akamjibu kwamba ukitajwa jina dawa hupoteza nguvu. Alitapika usiku kucha, na daktari aliyempokea asubuhi hakuwa na pa kuanzia, kwa sababu hakuna aliyejua amekula nini. Kwa lugha ya Mustalah, dawa ile mpokezi wake ni majhuul, hajulikani. Darasani hadithi ya namna hiyo tusingeipokea hata katika mambo ya fadhila. Nje ya msikiti tunaimeza kwa maji ya uvuguvugu.

Wapo watakaosema namkebehi mtu anayefuata tiba ya Mtume, rehema na amani zimshukie. La. Hadithi ya habasoda iko kwa Bukhari na Muslim, na Ibn al-Baytar anaitaja mbegu hiyo kitabuni kwa jina la shuniz. Lakini usahihi wa hadithi hauthibitishi kwamba kilichomo katika mfuko ni habasoda. Hayo ni madai mawili, na la pili linataka shahidi wake. Wanazuoni wetu walilijua hilo, ndiyo maana masokoni muhtasib alikuwa akiwakagua wauza dawa wasichanganye.

Sisemi kwamba kila alichoandika ni sahihi. Kitabu kizima kimejengwa juu ya nadharia ya Wagiriki ya moto, baridi, ukavu na unyevu, kila mmea ukipewa daraja lake, nadharia ambayo matabibu wa leo hawaifuati. Amenukuu pia mambo ya ajabu kutoka kwa watu wengine. Ila kwa kuwa ametaja nani kasema nini, unaweza kutupa maneno ya huyu na kubaki na ya yule. Kitabu kisichotaja wenye maneno hukupi nafasi hiyo. Ukikuta kosa moja, hujui likomee wapi.

Aliandika vingine pia. Al-Mughni umepangwa kwa viungo vya mwili na maradhi yake, na kuna kitabu alichokitoa maalumu kuonyesha makosa katika kazi ya Ibn Jazla, tabibu wa Baghdad aliyemtangulia kwa zaidi ya karne. Sultani al-Kamil alifariki mwaka 1238, Ibn al-Baytar akaendelea kumtumikia mwanawe al-Salih Ayyub, na ni kwa huyo alikoelekeza vitabu vyake viwili vikubwa. Al-Jami kilichapwa katika matbaa ya Bulaq, Cairo, mwaka 1874. Kabla ya hapo kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa Kijerumani, na baadaye daktari Mfaransa, Lucien Leclerc, alikitafsiri Kifaransa kati ya 1877 na 1883.

Hata kifo chake kinahitaji uchambuzi wa wapokezi. Makala kadhaa za siku hizi zinasema alikufa kwa sumu ya mmea aliokuwa akiujaribu. Ni hadithi tamu, na inamfaa mtu wa namna yake. Lakini Ibn Abi Usaybi'a, aliyetembea naye na kusoma kwake, hakutaja sumu. Anasema tu kwamba alifariki Damascus, ghafla, mwezi wa Shaaban mwaka 646.

Shaaban hiyohiyo, Novemba 1248, Seville ilikabidhiwa kwa mfalme wa Castile baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, na Waislamu wakatakiwa kuuhama mji. Abu al-Abbas alikuwa amekwisha kufa miaka kadhaa nyuma. Sijui duka lake lilichukuliwa na nani. Ibn al-Baytar alizikwa Sham, mbali na Málaga, ambayo ilibaki mikononi mwa Waislamu hadi mwaka 1487. Allah awarehemu wote wawili, mwalimu na mwanafunzi.